Nyama ya Ng'ombe Inapokataa Kuiva Vizuri: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Nyama ya ng'ombe ikiharibika jikoni, lawama kwa kawaida humwendea muuza nyama au jiko, ilhali kosa mara nyingi limefanyika kabla moto haujawashwa: kipande kimepewa njia ya upishi isiyokifaa. Misuli inayofanya kazi kila siku, yaani ya miguu, shingo, bega na kidari, imejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayoshikilia nyuzi za nyama pamoja, na huhitaji muda mrefu wenye unyevu. Misuli ya mgongoni inayofanya kazi kidogo, kama vile sarara na nyama iliyo juu ya mbavu, haina kolajeni nyingi, na huharibika ikikaa motoni muda mrefu. Kwa hiyo, katika karibu kila dalili iliyoelezwa hapa, swali la kwanza ni hili: kipande hiki kimetoka sehemu gani ya mnyama?

Kifaa kimoja huondoa ubishi mwingi, nacho ni kipimajoto cha kuchomeka. Kipime kwanza katika maji yaliyojaa barafu, ambamo kinapaswa kusoma 0°C, kisha kichomeke katikati ya sehemu nene ya nyama bila ncha yake kugusa mfupa wala kikaango.

Nyama ni ngumu

Dalili hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo inayorekebishwa vibaya kuliko zote, kwa sababu ndani yake zimo kasoro mbili zinazopingana: nyama iliyopikwa kwa muda mfupi mno na nyama iliyopikwa kupita kiasi. Anayezichanganya huongeza moto pale alipopaswa kuupunguza. Ikiwa nyama ni ya mchuzi, ichome kwa uma na ujaribu kuuzungusha. Uma ukiingia kwa shida na nyama ikabaki bonge moja, kolajeni haijayeyuka bado. Uma ukiingia kwa urahisi lakini nyuzi zikachambuka zikiwa kavu, muda umepita. Ikiwa nyama ni ya kuchoma, ikate katikati: ukiona rangi ya kijivu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na hakuna majimaji yoyote, imezidi moto.

Kisababishi kinachoongoza ni kuchoma kipande ambacho kilistahili kuchemshwa. Nyama ya muundi au ya shingo ikiwekwa juu ya makaa kwa dakika 15 itakuwa na rangi nzuri na haitatafunika. Kolajeni huanza kulainika taratibu kwenye joto la karibu 70°C, na hugeuka jelatini, yaani uteute laini, kwa kasi ya kuridhisha kati ya 80°C na 95°C, kiwango ambacho nyama ya kuchoma haifikii bila kukauka. Habari njema ni kwamba kosa hili linarekebishika. Katakata nyama hiyo, itie katika sufuria yenye maji au mchuzi unaofika nusu ya kimo chake, funika, na uiache itokote polepole huku ukiikagua kila baada ya nusu saa.

Kisababishi cha pili ni haraka. Vipande vya bega huhitaji saa 2 hadi 3 za kutokota polepole, na muundi, shingo au mkia huchukua saa 3 hadi 4. Katikati ya safari hiyo kuna kipindi ambacho nyama huwa ngumu kuliko ilivyokuwa mwanzoni, kwa sababu nyuzi zimeshajikaza kwa joto na kolajeni haijayeyuka. Wapishi wengi hukata tamaa hapo hapo, wakaamini kwamba wameuziwa nyama mbaya, wakati jibu lilikuwa saa moja zaidi.

Kisababishi cha tatu ni kinyume chake, nacho huipata nyama laini. Sarara ikipita 70°C nyuzi zake hujikunja na kukamua maji, na hakuna njia ya kuyarudisha. Kinachowezekana ni kuikata vipande vyembamba na kuiandaa pamoja na mchuzi mzito. Usijaribu kuiokoa kwa kuichemsha, kwa kuwa haina kolajeni ya kutosha kuyeyuka na kuilainisha.

Kabla ya kulaumu upishi, angalia pia jinsi nyama ilivyokatwa mezani. Nyuzi za kidari na za nyama ya tumboni huonekana kwa macho. Kisu kikifuata uelekeo wake, kila tonge hubeba nyuzi ndefu ambazo meno yanalazimika kuzikata. Geuza kisu kikingame na nyuzi, na kipande kile kile kitaonekana kuwa kingine kabisa. Ukaguzi huu hauna gharama yoyote, na inashangaza jinsi unavyosahaulika.

Visababishi vinavyobaki hutokea kwa nadra zaidi, lakini hufaa kujulikana. Nyama ya mnyama aliyechinjwa siku hiyo hiyo huwa ngumu kwa sababu misuli hukakamaa baada ya kifo, na vimeng'enya vya nyama yenyewe huilainisha polepole katika siku zinazofuata. Ikiwa friji yako inashika joto lisilozidi 4°C, kuiacha humo siku 3 hadi 5 ikiwa kipande kizima huisaidia. Katika maeneo ya miinuko, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, pungufu kwa takriban 1°C kwa kila mita 300, hivyo kwenye mita 1,500 sufuria haipiti 95°C na muda lazima uongezwe. Mwisho ni umri: kolajeni ya ng'ombe mzee imejifunga kwa uimara zaidi, na haina dawa isipokuwa subira au sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto hadi karibu 120°C na kuivisha muundi ndani ya dakika 45 hivi.

Onyo kuhusu sufuria ya presha: usiijaze kupita theluthi mbili, na usilazimishe mfuniko ufunguke kabla presha haijaisha. Mvuke ukivuja ukingoni, au vali ikiziba na isitoe mvuke kabisa, zima moto, kaa mbali nayo hadi ipoe, na usiitumie tena mpaka mpira au vali ibadilishwe na fundi anayeifahamu.

Nyama imekauka ingawa si ngumu sana

Wengi hushangaa nyama inapokauka ndani ya mchuzi, lakini kuzungukwa na maji hakuizuii kupoteza maji yake. Joto ndilo linalokamua nyuzi, na mchuzi unaochemka kwa nguvu hukamua haraka kuliko kolajeni inavyoyeyuka. Kwa hiyo angalia kwanza uso wa mchuzi: unatakiwa uonyeshe viputo vichache vinavyopanda kwa zamu, si msukosuko. Punguza moto, na sogeza mfuniko kidogo ikiwa sufuria bado inachemka sana.

Kwa nyama ya kuchoma au kuoka, kisababishi cha kawaida ni kuchelewa kuitoa. Steki yenye wekundu na uvuguvugu katikati hupatikana kati ya 54°C na 57°C. Yenye rangi ya waridi hafifu kati ya 60°C na 63°C. Na iliyoiva kabisa ni kuanzia 71°C. Joto huendelea kupanda baada ya nyama kutolewa motoni, kwa 3°C hadi 5°C katika steki nene na zaidi ya hapo katika bonge kubwa la kuoka, hivyo itoe kabla haijafika unapopataka. Mamlaka ya kilimo ya Marekani hupendekeza kipande kizima kifike 63°C na kisha kitulie angalau dakika 3. Anayepikia watoto wadogo, wajawazito, wazee au wagonjwa asishuke chini ya kiwango hicho, hata kama yeye mwenyewe hupenda nyama yenye wekundu.

Sababu inayofuata ni kuchagua kipande kisicho na mafuta, hasa cha paja, kisha kukikata vipande vidogo vya kuchoma kwenye vijiti. Vipande vya sentimita 2 hupita kiwango chake ndani ya dakika chache. Vikate vikubwa zaidi, sentimita 3 hadi 4, na uvipake mafuta. Sababu nyingine ni kukata nyama mara tu inapotoka motoni, jambo linalomwaga majimaji ubaoni. Steki ikiachwa itulie dakika 5, na bonge la kuoka dakika 15 hadi 20, majimaji yanayopotea hupungua.

Dawa moja inayopendekezwa sana haifai hapa. Kuikausha nyama nje kwa moto mkali mwanzoni hakuzibi majimaji ndani. Sauti ya kuchacharika inayoendelea baada ya hapo ni majimaji yale yale yakitoka. Moto mkali hufanywa kwa ajili ya ladha na rangi, na hiyo ni sababu ya kutosha.

Nje imeungua, ndani bado mbichi

Anza na umbali na ukali wa moto. Makaa ambayo bado yanatoa ndimi za moto hayajawa tayari. Subiri yafunikwe na majivu meupe. Kisha pima unene: kipande kinachozidi sentimita 4 hakiwezi kuivishwa juu ya moto mkali pekee. Sogeza makaa upande mmoja wa jiko ili upate sehemu mbili, moja ya moto mkali na nyingine isiyo na makaa chini yake. Nyama nene ianzie upande usio na makaa, ikiwa imefunikwa, hadi ibaki 8°C au 10°C kufikia lengo, ndipo ihamishiwe kwenye makaa kwa dakika moja au mbili kila upande. Mpangilio huu wa kumalizia kwa moto mkali badala ya kuanza nao ndio ninaoupendekeza kwa kila kipande kinene, kwa sababu unampa mpishi nafasi ya kusahihisha, wakati ule wa kawaida haumpi.

Ikiwa nyama imeshaungua nje, isogeze kwenye upande huo uliopoa au uitie katika oveni yenye 120°C hadi 150°C mpaka katikati ifike kiwango, kisha kwangua sehemu iliyogeuka mkaa. Kama kitovu cha nyama ni cha baridi ya kuganda, tatizo lilikuwa barafu ambayo haikuyeyuka. Bonge la kilo 2 huhitaji takriban siku nzima ndani ya friji. Kwa haraka, lifunge katika mfuko usiopitisha maji na ulizamishe katika maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, kisha ulipike papo hapo. Asali na sukari katika viungo huungua mapema sana, hivyo vipakwe dakika za mwisho.

Mafuta yanayodondokea makaa huinua ndimi za ghafla. Hamisha nyama, funika jiko ili moto ukose hewa, na punguza mafuta ya ukingoni wakati mwingine. Usimwage maji juu ya mafuta yanayowaka, iwe kwenye jiko la makaa au kikaangoni: zima chanzo cha joto ikiwa unaweza kukifikia salama, funika kwa mfuniko wa chuma, na ondoka uite zimamoto moto ukivuka chombo. Ukiungua, mimina maji ya bomba yenye ubaridi wa kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20, na nenda hospitali ikiwa jeraha lina ukubwa wa kiganja au zaidi, au liko usoni au mikononi.

Mkaa usiwashwe wala kuachwa ndani ya nyumba, hata kama makaa yanaonekana kuzimika, kwa kuwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa waliomo chumbani ni ishara ya kutoka nje mara moja na kutafuta daktari. Kwa jiko la gesi, moto wa njano unaoacha masizi huashiria matundu yaliyoziba, na unaweza kuyasafisha mwenyewe jiko likiwa limepoa. Harufu ya gesi ni suala jingine: funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, toka nje na umwite fundi wa gesi. Asiwepo mtu wa kutafuta mvujo kwa kiberiti. Povu la sabuni likipakwa kwenye mpira na maungio huonyesha viputo mahali panapovuja.

Nyama haipati rangi, inatoa maji tu

Uso wenye unyevu hauwezi kupita 100°C mpaka maji yote yakauke, ilhali rangi ya kahawia na ladha yake huanza kujengeka kwa kasi kwenye takriban 140°C. Kwa hiyo, kausha nyama kwa karatasi ya jikoni kabla ya yote. Kisha angalia nafasi: kikaango kilichojaa hukusanya mvuke na kuichemsha nyama, hivyo kaanga kwa mafungu. Chumvi nayo ina saa yake. Ikitiwa dakika 40 au zaidi kabla ya kupika, maji inayoyavuta hurudi ndani. Ikitiwa wakati nyama inaingia motoni, hayapati muda wa kutoka. Ikitiwa dakika 10 hadi 20 kabla, utakaanga nyama iliyolowa.

Inanata kwenye wavu

Wavu ulikuwa baridi au mchafu, au umeigeuza mapema. Pasha wavu moto, usugue, paka mafuta kwenye nyama badala ya wavu, na subiri ijiachie yenyewe. Kagua brashi ya waya kabla ya kuitumia: sindano zake hukatika na kubaki wavuni. Mtu akihisi kitu kikimchoma kooni au tumboni baada ya kula nyama ya kuchoma, apelekwe hospitali na daktari aambiwe kuhusu brashi hiyo.

Nje imekuwa ya kutepeta, inabomoka

Papai bichi na nanasi bichi vina vimeng'enya vinavyovunja protini bila kuchagua. Havipenyi mbali, hivyo vikiachwa usiku kucha huifanya nje ya nyama kuwa kama uji huku ndani ikibaki vile vile. Kwa vipande vyembamba, nusu saa inatosha. Siki na ndimu hufanya kasoro inayofanana nayo, kwa taratibu zaidi. Hakuna kati ya hivi kitakachogeuza muundi kuwa sarara.

Joto la kidari limegoma kupanda

Anayeoka kidari kizima kwa moto mdogo wa 110°C hadi 120°C ataona kipimajoto kikipanda vizuri, kisha kikwame mahali fulani kati ya 65°C na 75°C kwa saa kadhaa. Kifaa hakijaharibika, wala moto haujapungua. Unyevu unaokauka juu ya nyama huipoza kwa kasi ile ile ambayo jiko linaipasha. Unaweza kusubiri, au kukifunga kidari kwa karatasi ya alumini ili unyevu usitoroke, ingawa utapoteza ukavu mzuri wa nje. Kosa kubwa ni kukitoa hapo kwa kuwa 70°C inaonekana kuwa joto la kutosha. Ni salama kula, lakini hakitatafunika. Kiendeleze hadi 90°C hadi 96°C, uma unapoingia bila ukinzani.

Rangi ya ndani inatia shaka

Rangi ni shahidi asiyeaminika. Nyama ya kusaga inaweza kuwa ya kahawia kabla haijafikia joto salama, hasa ikiwa ilikaa hewani au kwenye friza, na nyama iliyopikwa kwa moshi inaweza kubaki na pete ya waridi ingawa imeiva kabisa. Nyama ya mnyama aliyechoka au kupata mshtuko kabla ya kuchinjwa huwa nyeusi na hushika wekundu hata baada ya kupikwa. Majimaji mekundu kwenye sahani si damu. Ni maji yenye mayoglobini, protini ya msuli inayoipa nyama rangi.

Katika kipande kizima, vijidudu kwa kawaida hukaa juu, na moto huwaua hapo. Kusaga huwaingiza ndani, na ndiyo maana baga na mikate ya nyama ya kusaga inapaswa kufika 71°C katikati bila kujali rangi. Hali ni hiyo hiyo kwa steki iliyotobolewa kwa sindano au visu ili ilainike: usiile ikiwa na ubichi.

Harufu, utelezi na wasiwasi baada ya kula

Rangi ya kijivu ndani ya bonge mbichi hutokana na kukosa hewa, na mng'ao wa rangi za upinde wa mvua kwenye vipande vyembamba hutokana na mwanga kuakisiwa na nyuzi. Vyote viwili si kuoza. Harufu nzito inayotoka mfuko usio na hewa unapofunguliwa inapaswa kupotea baada ya muda mfupi. Isipopotea, au nyama ikiwa na uchachu na utelezi unaorudi hata baada ya kufutwa, itupe. Usiioshe bombani ukitumaini kuiokoa, kwa kuwa matone husambaza vijidudu kwenye sinki na vyombo. Kuchemsha nako si suluhisho, maana baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hazivunjwi na joto la jikoni.

Nyama iliyokaa nje ya friji zaidi ya saa 2, au zaidi ya saa 1 ikiwa hewa inazidi 32°C, isiliwe hata kama haina harufu yoyote. Ya kusaga hukaa friji siku 1 hadi 2, na iliyopikwa siku 3 hadi 4, kisha ipashwe hadi 74°C.

Nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe au aliyekutwa amekufa haipaswi kufika jikoni kwa namna yoyote ya upishi. Mbegu za kimeta hustahimili kuchemshwa, na hata kumchuna mnyama wa aina hiyo ni hatari. Usimguse, na umwite afisa wa mifugo.

Kwa aliyekwisha kula na kuugua, tumbo linalouma na kuharisha kidogo kwa siku moja huhitaji maji mengi na mapumziko. Aende hospitali bila kuchelewa akiharisha damu, akiwa na homa kali, akitapika kiasi cha kushindwa kuhifadhi maji, au kuharisha kukizidi siku 3. Kwa mtoto aliyeharisha damu kisha akaanza kukojoa kidogo na kubadilika rangi, ni dharura, kwa sababu aina fulani za bakteria wa E. koli huharibu figo. Asipewe dawa ya kufunga kuhara kabla daktari hajamwona.